Kundi linalougua kila mara: kutafuta msongo nyuma ya dalili za kuku

Kuna makundi ya kuku yanayomchosha mfugaji. Wiki hii ni mafua. Dawa inatolewa, yanatulia. Wiki mbili baadaye ni kuhara. Chanjo zote zimefuatwa, lakini mdondo ukipita karibu, hao ndio wa kwanza kuzubaa. Kila ugonjwa unatibiwa kivyake, na kila mara dawa inaonekana kufanya kazi nusunusu. Kundi la namna hiyo linafaa kuchunguzwa upande wa kinga yenyewe, na mara nyingi kinachoibomoa ni msongo: joto, msongamano, kiu, hewa mbaya, hofu.

Kazi ngumu ni kuunganisha dalili na chanzo, kwa sababu haviji pamoja. Kinga haianguki saa ile ile kuku anapopata shida. Ugonjwa hujitokeza siku kadhaa baadaye, mfugaji akiwa ameshausahau ule usiku mbwa walipozunguka banda, au ile siku maji yalipokatika hadi jioni. Kwa hiyo, kabla hujagusa chupa ya dawa, chukua daftari la banda urudi nyuma siku 14. Andika kila kilichobadilika: chakula kipya, kuhamishwa, kuku wageni, kelele za ujenzi, siku za joto kali, mtu mpya wa kuhudumia. Asiye na daftari aanze nalo leo, maana bila hilo mengi ya hapa chini yatabaki kubahatisha.

Homoni inafanya nini mwilini

Kuku akitishika au akiteseka, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutuma homoni yake kwa njia ya damu hadi kwenye tezi mbili za adrenali, zilizo kwenye ncha ya mbele ya figo. Hizo ndizo zinazotoa kotikosteroni. Kwa binadamu homoni kuu ya msongo ni kotisoli. Kwa kuku ni hii. Inapanda upesi mno: watafiti wanaotaka kujua kiwango chake cha kawaida hujitahidi kuchukua damu ndani ya dakika tatu hivi tangu kuku ashikwe, kwa kuwa kule kushikwa kwenyewe kunaipandisha.

Kazi yake ya kwanza ni kumwokoa kuku. Inavunja protini za misuli na kuzigeuza sukari ili nguvu ipatikane sasa hivi, na inaahirisha shughuli zote zinazoweza kusubiri: kukua, kutaga, kutengeneza kinga mpya. Ni kama kaya iliyofikiwa na njaa ikaamua kupika mbegu za msimu ujao. Leo watu watashiba. Tatizo litaonekana mvua zikianza.

Msongo wa saa chache hupita, na baadhi ya sehemu za kinga huweza hata kuchangamka kwa muda. Balaa ni homoni ikibaki juu siku baada ya siku. Limfositi, chembe nyeupe zinazotambua ugonjwa na kutengeneza kingamwili, hupungua katika damu, na nyingine hufa. Ogani zinazozilea husinyaa: thaimasi ya shingoni, bursa ya Fabricius iliyo juu ya kloaka (uwazi wa nyuma wa kutolea kinyesi na mayai), na wengu. Makrofaji, zile chembe zinazomeza vimelea, hupoteza ukali. Wakati huo huo heterofili, chembe nyeupe nyingine ambazo kwa ndege hushika nafasi ya nyutrofili za mamalia, huongezeka. Ndiyo maana magonjwa yanayohitaji limfositi kuyadhibiti, hasa ya virusi na yale ya mycoplasma (bakteria wadogo wa njia ya hewa), ndiyo hupata mwanya zaidi.

Kwanza ondoa yasiyo ya msongo

Msongo peke yake hauui nusu ya kundi kwa usiku mmoja, isipokuwa ni joto kali au kuku wamelaliana wakakosa hewa. Ukiona vifo vingi vya ghafla, shingo zinazopinda, upanga na ndevu zilizogeuka bluu au kuvimba, usianze kuhesabu siku za daftari. Funga banda, usiuze wala kuhamisha kuku, wala usipasue mzoga, kisha mwite daktari wa mifugo mara moja. Mdondo na homa ya mafua ya ndege ni magonjwa ambayo katika nchi nyingi sheria inataka yatolewe taarifa, na homa hiyo ya ndege inaweza kumwingia hata binadamu. Yaliyobaki hapa ni ya kundi linalodhoofika polepole au linalougua kwa awamu.

Dalili: chanjo imetolewa, lakini kuku wanaugua ugonjwa ule ule

Hapa lawama huiangukia chanjo upesi mno. Pitia chanzo kimoja kimoja. Chanjo hai nyingi zikikaa nje ya baridi hufa. Zikichanganywa na maji yenye klorini hufa pia. Ndiyo maana huwekwa kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ili kuzima klorini iliyobaki. Kuku wasiposikia kiu hawatamaliza dozi. Wakinyimwa maji kupita kiasi, hasa kwenye joto, wanagombea chombo, wenye nguvu wanakunywa mara mbili na wanyonge wanabaki bila chanjo. Kuwanyima saa moja hadi mbili, asubuhi kukiwa bado na ubaridi, kunatosha. Kifaranga naye huzaliwa na kingamwili alizorithi kwa mama kupitia kiini cha yai, na hizo zinaweza kuizima chanjo iliyotolewa mapema mno.

Hayo yote yakiwa sawa, geukia bursa. Mwaka 1956 Bruce Glick na Timothy Chang, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, pamoja na wenzao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuku walioondolewa bursa wakiwa wadogo wengi wao walishindwa kutengeneza kingamwili. Kifaranga anayekaa na kotikosteroni ya juu katika wiki zake za mwanzo anapunguziwa bursa ile ile bila kisu. Unaweza kumpa chanjo nzuri kabisa, kwa wakati wake, na mwili ukakosa wa kuipokea.

Hili linaweza kuonekana kwa macho. Akifa kifaranga wa wiki tatu hadi sita, na hakuna dalili za yale magonjwa ya hatari, mpasue kabla hajaharibika, ukiwa umevaa glavu. Fuata utumbo hadi mwisho wake. Juu ya kloaka, upande wa mgongo, utakuta kifuko cha mviringo cha rangi ya maziwa mazito. Hiyo ni bursa. Ilinganishe na wengu, kipande chenye rangi nyekundu iliyoiva kilicho karibu na firigisi. Kwa kuku mwenye afya wa umri huo, bursa huwa sawa na wengu au kubwa zaidi. Kisha chuna ngozi ya shingo. Kila upande, sambamba na mshipa mkubwa wa damu, kuna vipande vilivyopauka vilivyofuatana, kwa kawaida saba; hiyo ni thaimasi. Bursa ndogo pamoja na thaimasi iliyonywea zinanyooshea kidole msongo wa muda mrefu, ingawa virusi vya upungufu wa damu wa kuku na ugonjwa wa mahepe (Marek) navyo huila thaimasi. Bursa iliyovimba, yenye utando kama jeli ya manjano juu yake au madoa ya damu ndani, ni Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoishambulia bursa, ya siku za mwanzo. Wiki moja baadaye hata bursa ya Gumboro husinyaa, na hapo jicho halitoshi tena. Peleka sampuli maabara. Kwa kuku anayekaribia kutaga usitumie kipimo hiki kabisa, kwa sababu bursa hunywea yenyewe anapopevuka.

Angalia pia ghala la chakula. Aflatoksini, sumu ya mahindi au mashudu yaliyoota ukungu, hubomoa kinga vilevile, na dalili zake bandani zinafanana na za msongo kiasi cha kumchanganya mtu yeyote.

Na kama makosa yako kwenye ratiba, yarekebishe huko huko. Kuna tabia ya kumaliza kazi zote siku moja kwa kuwa kuku wameshashikwa: kuhamisha, kukata midomo, dawa ya minyoo, chanjo. Inaokoa muda wa mfugaji na inamgharimu kuku. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1989 yaliweka vifaranga kwenye misongo sita tofauti, ikiwemo joto, amonia, kelele na kukatwa midomo, na ikaonekana madhara yanajumlika: kila msongo ulioongezwa ulipunguza ukuaji zaidi. Mwili haufuti deni la kwanza kwa sababu la pili limefika. Tenga chanjo na kazi nyingine kwa siku kadhaa, na kundi likiwa tayari linaonekana kuumwa, muulize daktari kama chanjo isubiri.

Dalili: vifaranga wanazubaa na kufa wiki ya kwanza

Chanzo cha kwanza kuchunguza ni baridi. Kifaranga wa siku chache hawezi kujidhibiti joto, na mwili uliopoa hautumii vizuri kiini alichobaki nacho tumboni, ambacho ndicho chenye chakula na kingamwili za mama. Siku za mwanzo wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, kisha hupunguzwa nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Kipimajoto cha ukutani kinadanganya. Mchukue kifaranga, mguse miguu kwa shavu lako: ikiwa ya baridi, kifaranga ana baridi, hata kama kipimo kinasema vingine. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo, ni joto. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia.

Jioni ya siku ya kwanza papasa magole ya vifaranga kadhaa. Gole likiwa limejaa na laini, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila kupata maji. Likiwa tupu, hajakipata chombo. Vifaranga waliosafirishwa mbali bila maji hufika na kotikosteroni iko juu; wape maji kwanza, chakula baada ya muda mfupi, na mwanga wa kutosha kuviona vyombo.

Dalili: mafua yanayotulia na kurudi

Dawa ya mafua huua bakteria, lakini mara nyingi mwanzo wa mafua ni hewa. Chuchumaa bandani hadi kichwa chako kifikie usawa wa kuku, utulie hapo dakika mbili tatu. Wima, mlangoni, amonia huisikii; kule chini ndiko kuku wanakopumua usiku kucha. Amonia ikizidi sehemu 25 kwa milioni huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, na macho yako yakianza kuwasha ujue imeshazidi hapo kwa mbali. Pua huizoea, hivyo anayeingia bandani kila saa si shahidi mzuri. Mwombe mwingine anuse. Kamata maranda kwa mkono uyabane: yakibaki donge ukiachia ngumi, yamelowa kupita kiasi. Tafuta chombo kinachovuja kabla ya kununua maranda mapya.

Chanzo cha pili kimejificha ndani ya kuku wenyewe. Mycoplasma ikishaingia kwenye kundi haiondoki kwa dozi ya dawa. Inatulia na kungoja. Virusi vya ugonjwa wa koo uitwao laringotrakeaitisi hujificha kwenye neva za kichwa za kuku aliyepona, na mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba kuku hao huanza kuvitoa tena wanapoanza kutaga au wanapochanganywa na kuku wasiowajua. Mafua yakirudi kila unapoleta matetea wapya, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa haukuletwa na wageni peke yao. Wenyeji walikuwa nao, na ugomvi wa kupanga upya nani ale kwanza ndio ulioufungulia mlango.

Dalili: kuhara, mara nyingine kwa damu

Koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, hustawi kwenye maranda mabichi na msongamano, kwa hiyo kazi ya kukausha banda inasaidia pande mbili. Msongo huongeza yake: noradrenalini, homoni nyingine ya msongo inayomwagika tumboni, huchochea bakteria kama E. coli na Salmonella kuzaana, na ukuta wa utumbo hulegea, bakteria wakapata njia ya kwenda kwenye ini na viungo. Kuhara kwa damu kunataka tiba ya koksidia bila kuchelewa. Kuhara kwa majimaji bila damu, siku za joto, mara nyingi ni maji mengi waliyokunywa tu. Kuwanyima kuku wa mayai chakula ili wabadili manyoya huongeza Salmonella wanayotoa kwenye kinyesi. Sioni sababu ya kuendelea na desturi hiyo.

Dalili: wanahema midomo wazi, mayai yamepungua na maganda ni laini

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, na hewa ikipanda karibu na nyuzi 30, hasa yenye unyevu, njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema. Kuhema huko kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inabadilika, na ganda la yai linakosa malighafi. Hiyo ndiyo sehemu mfugaji anayoiona. Asiyoiona ni kwamba kinga nayo inashuka. Watafiti wa Brazili waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwaweka kuku wa nyama kwenye nyuzi 31 na nyuzi 36. Ogani za kinga zilipungua uzito, makrofaji zilidhoofika, na utumbo ulionyesha uvimbe. Kwa hiyo wimbi la joto likipita, usipumue kwa sababu mayai yameanza kurudi. Wiki mbili zinazofuata ndizo za kuangalia kwa makini mafua na kuhara.

Chakula kinapomeng'enywa hutoa joto, kwa hiyo ondoa vyombo vya chakula saa kadhaa kabla ya kilele cha jua na uwape alfajiri na jioni. Maji yawe ya baridi na yabadilishwe mara nyingi. Kuku hunywa kama mara mbili ya uzito wa anachokula, na kwenye joto huzidisha. Punguza idadi kwa eneo. Feni isiyofika usawa wa kuku haisaidii. Vitamini C kwenye maji ina maana hapa: kuku mwenye afya hujitengenezea mwenyewe, lakini kwenye joto anayotengeneza huenda isitoshe. Haichukui nafasi ya kivuli na hewa.

Kama mayai yamepungua bila joto, hesabu saa za mwanga kabla ya kufikiria ugonjwa. Kuku wa kutaga aliyezoea saa 16 za mwanga anaweza kupunguza au hata kuacha kutaga taa zikikatika siku chache.

Dalili: kudonoana na manyoya yenye mistari

Kudonoana ni chanzo cha msongo na pia matokeo yake, na vidonda vyake ni mlango wa bakteria. Punguza ukali wa mwanga, ongeza vyombo hadi wanyonge wale bila kusubiri, ning'iniza majani ya kudonoa.

Manyoya yana ushahidi ambao wengi hawaujui. Chukua unyoya mrefu wa bawa, uunyooshe dhidi ya mwanga. Ukiona mstari mwembamba, karibu uwazi, umekatiza unyoya kwa upana, hapo nyuzi zake hazikujengeka sawasawa siku zile ulipokuwa unaota. Mstari ulio karibu na ncha ni wa zamani. Ulio karibu na shina ni wa karibuni. Kuku mmoja mwenye mstari hana cha kukuambia. Kuku kumi wa umri mmoja wenye mstari mahali pale pale, bawa la kulia na la kushoto, wanakuambia kwamba kuna siku kundi zima liliteseka. Rudi kwenye daftari uitafute.

Ukitaka uhakika

Kupima kotikosteroni ya damu si rahisi bandani, kwa ile sababu ya dakika tatu. Kipimo chenye manufaa zaidi ni uwiano wa heterofili kwa limfositi, unaohesabiwa kwa hadubini kwenye tone la damu lililopakwa kwenye kioo. W. B. Gross na H. S. Siegel walikipendekeza mwaka 1983, na bado kinatumika kwa sababu uwiano huo hubadilika polepole, kwa saa na siku, hivyo unaonyesha msongo uliodumu. Kwa makadirio yanayotajwa sana, karibu 0.2 ni msongo mdogo, 0.5 wa kati, 0.8 mkubwa. Pima kuku kadhaa, na ulinganishe na kundi lako lenyewe likiwa zima, maana maambukizi nayo hupandisha heterofili.

Napinga kabisa kutoa antibiotiki "za kinga" kila baada ya msukosuko. Hazipandishi limfositi hata moja, na zinafuga bakteria sugu.

Ukiondoa chanzo, homoni hushuka haraka, lakini ogani zilizosinyaa na limfositi zilizopotea huchukua muda mrefu zaidi kurudi, kwa hiyo usiongeze kuku wapya wala kuwahamisha wiki hizo. Wiki tatu zikipita na kundi bado linaugua, mpelekee daktari kuku wawili watatu walio hai na wanaoonyesha dalili, wana thamani kuliko mizoga, pamoja na konzi ya chakula wanachokula na lile daftari.